Sentensi za Alumini

Dereva anayekwenda kilomita 88 kwa saa hukata karibu mita 25 kila sekunde. Huo ndio mwendo wa kawaida kwenye barabara nyingi za mashambani Kusini mwa Marekani. Akikitupia jicho kibao kilichosimama pembeni kwa sekunde nne tu, tayari amekwenda mita mia moja na kibao kimebaki nyuma. Hapo atakuwa amesoma kichwa na, akiwa mwepesi, mstari mmoja. Yaliyobaki ni ya yule atakayepunguza mwendo, akaegesha majanini na kushuka. Mafundi wa vibao vya historia wanalijua hilo vizuri: kichwa huandikiwa mpita njia, maelezo huandikiwa mtu aliyeamua kusimama. Kibao kimoja kina wasomaji wawili, na hakuna kati yao anayepaswa kuondoka amedanganyika.

Kazi hii ilishika kasi magari yalipoanza kufika vijijini. Virginia ilianza kusimamisha vibao vyake 1927 kando ya barabara kuu namba 1, na leo inavyo zaidi ya 2,500. North Carolina ilipitisha sheria yake 1935. Kibao cha kwanza kikasimama Januari 1936 karibu na Stovall, kijiji cha Kaunti ya Granville, kumkumbuka John Penn, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru la 1776. Mississippi ilifuata 1949, na vibao vyake hutambulikana kwa mbali kwa ua la magnolia lililochomoza juu. Kaunti nyingi za Kusini hazina duka la vitabu. Kibao ndicho ukurasa wa historia ulio wazi usiku na mchana, bila kiingilio na bila mlinzi.

Vingi kati ya hivyo vimetoka mahali pamoja, tena nje kabisa ya Kusini. Ni karakana ya Sewah Studios katika mji wa Marietta, Ohio, iliyoasisiwa 1927 na mtu aliyeitwa Hawes. Soma jina la kampuni kinyumenyume utamwona. Kinachofanyika katika karakana za namna hii ni kusubu, ufundi wa kale kuliko nchi yenyewe ya Marekani, na inafaa tuutazame kwa utulivu kabla ya kuingia kwenye siasa ya maandishi.

Kwanza hutengenezwa kielelezo, yaani bamba lenye umbo la kibao, ambalo juu yake hupangwa herufi moja moja na kugandishwa. Mistari lazima ikae sawa, nafasi kati ya maneno zisibanane, na jina refu la mtu lisikatwe katikati. Ukitazama herufi moja kwa karibu utaona kuta zake zimeinama kidogo, pana chini na nyembamba juu. Mwinamo huo ndio unaoruhusu kielelezo kivutwe kutoka kwenye mchanga bila kubomoa kingo. Na kwa kuwa alumini ikipoa husinyaa kwa zaidi ya asilimia moja, kielelezo hufanywa kikubwa kidogo kuliko kibao kitakachotoka. Fundi anapima kitu ambacho bado hakipo.

Kisha unakuja mchanga. Mchanga wa kusubia una udongo wa mfinyanzi na unyevu kidogo, na jaribio lake halihitaji mashine. Fundi huchota konzi, huifinya, halafu hufungua kiganja. Donge likibaki na alama za vidole, na likivunjwa katikati likaachana kwa ncha safi, mchanga uko tayari. Ukiwa mkavu mno, kingo za herufi zitamomonyoka kabla ya metali kufika. Ukiwa na maji mengi, mvuke utatafuta njia ya kutokea na kuacha matundu usoni mwa kibao. Mchanga hushindiliwa juu ya kielelezo, kielelezo kikanyanyuliwa polepole, na kalibu inabaki ikiwa na maneno yote yamegeuka.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, nayo humiminwa ikiwa na moto zaidi ya hapo. Kumimina hakutaki pupa wala kusita. Mmiminaji akisimama katikati, metali iliyotangulia huanza kuganda kabla haijakutana na inayofuata, na pale zinapokutana hubaki mshono unaoweza kupasua jina la mtu vipande viwili. Baada ya kupoa mchanga huvunjwa, mikia ya metali iliyogandia mferejini hukatwa, uso husuguliwa, kibao hupakwa rangi ya jimbo lake. Herufi hupakwa mwisho, na hapa pana werevu ninaoupenda kuliko yote: kwa kuwa zimeinuka juu ya bamba, rola yenye rangi kidogo hupita juu yake na kugusa vichwa vya herufi peke yake. Hakuna haja ya mkono wa mchoraji.

Faida ya werevu huo huonekana baada ya miaka thelathini. Jua la Kusini hula rangi, mashine za kukata majani huparuza nguzo, lori likirudi nyuma vibaya huvunja kibao shingoni. Lakini rangi ikiisha yote, maneno bado yapo. Jua la jioni likipiga kwa pembeni, herufi hutupa vivuli na maandishi husomeka. Hata kidole kinaweza kuyasoma. Na siku watu wa kijiji wakiamua kukitengeneza, wanachohitaji ni msasa, makopo mawili ya rangi na rola. Kitu kinachoweza kukarabatiwa na watu wanaoishi karibu nacho kina maisha marefu kuliko kinachosubiri fundi wa mbali.

Ugumu wenyewe hauko kwenye moto. Uko kwenye sentensi. Anayejua kuchagua jina la kanga ataielewa adha hii: maneno ni machache, nafasi haiongezeki, na neno likishatoka halirudi. Kibao cha historia kinaongeza sharti jingine, kwamba kila dai liwe na ushahidi. North Carolina ina kamati ya wanahistoria inayopitia mapendekezo, na mengi hukataliwa, kwa sababu simulizi inayopendwa kijijini haina karatasi ya kuithibitisha. Tarehe ikikosewa kwenye kitabu, chapa ya pili itaisahihisha. Ikikosewa kwenye alumini, ama kibao kinasubiwa upya kwa maelfu ya dola, ama kosa linasimama kando ya barabara likisomwa na wajukuu.

Nimeshasema vibao hivi ni vya Kusini, na Kusini maana yake ni pamba, utumwa, na karne nzima ya mauaji yaliyofuata baada ya utumwa kufutwa. Kwa hiyo mtu anayeandika kibao huko anakutana na swali ambalo mwandishi wa kibao cha daraja la zamani halijui: nani atatajwa kuwa alitenda?

Jibu moja zuri liko Sumner, mji wa watu mia chache katika Kaunti ya Tallahatchie, Mississippi. Kaunti hii ina makao makuu mawili, Charleston na Sumner, kila mmoja na mahakama yake. Mbele ya mahakama ya Sumner kuna kibao cha jimbo, kile chenye magnolia, kilichosimamishwa 2007. Kinaanza na mwili wa Emmett Till, mvulana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, uliopatikana katika Mto Tallahatchie Agosti 1955. Kinaendelea kusema kwamba kesi ilidumu siku tano, ndani ya jengo hili hili unalolitazama, na kwamba baraza la juri la wazungu watupu liliwaachia wazungu wawili, Roy Bryant na J. W. Milam. Kisha inakuja sentensi fupi kupita zote: baadaye wote wawili walikiri kuua, kwenye mahojiano na jarida.

Soma tena mpangilio huo. Hakuna kivumishi cha hasira, wala neno linalomwambia msomaji aone uchungu. Aliyeandika aliweka kuachiwa kwao, akaweka nukta, akaweka kukiri kwao. Nafasi kati ya sentensi mbili hizo inafanya kazi ambayo aya nzima ya kulaani isingeweza. Washtakiwa wametajwa kwa majina, na juri limetajwa kwa rangi yake kwa sababu rangi ndiyo iliyoamua. Huu ni uandishi wa daraja la juu, na aliyeufanya hakuweka jina lake.

Tazama pia alichokiacha. Juri lilijadiliana kwa dakika 67, na mmoja wao aliripotiwa kusema kwamba wasingechukua hata muda huo kama wasingesimama kunywa soda. Mwandishi yeyote angetamani kuitia soda ile. Ni kisa kinachobaki kichwani. Lakini kingeuvuta mkasa mzima kuelekea kwenye dharau ya mtu mmoja, wakati aibu ilikuwa ya kaunti. Kukiacha nje kulihitaji ujasiri, na nadhani kulikuwa sahihi.

Sasa linganisha na Colfax, Louisiana. Louisiana haigawanywi kwa kaunti bali kwa parokia, na Colfax ndiyo makao makuu ya Parokia ya Grant. Tarehe 13 Aprili 1873, Jumapili ya Pasaka, kundi la wazungu wenye silaha lilishambulia mahakama iliyokuwa ikilindwa na wanaume weusi. Wengi waliuawa wakiwa wameshajisalimisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ofisi ya jimbo ilisimamisha kibao mahali hapo. Kilitaja tarehe sawasawa, kikataja wazungu watatu na weusi 150 waliouawa, kikaita jambo lile ghasia, kisha kikamalizia kwa kusema kwamba tukio hilo liliashiria mwisho wa utawala mbovu wa wageni kutoka Kaskazini.

Kiufundi kibao kile kilikuwa kizuri. Herufi zilikaa sawa, metali haikuwa na tundu. Hata hesabu ya maiti haikufichwa. Uovu wake ulikuwa kwenye sarufi: watu 150 wanauawa na hakuna aliyewaua, halafu sentensi ya pili inawapongeza wasiotajwa. Kilisimama hivyo kwa miaka takriban sabini hadi kilipoondolewa Mei 2021. Aprili 2023, miaka 150 baada ya siku ile, mnara mpya wa mawe ulizinduliwa mjini humo, nao umeandikwa majina ya waliouawa waliofahamika. Ninapowasifu mafundi wa karakana huwa nakumbuka Colfax, kwa kuwa mchanga mzuri hubeba uongo kwa usafi ule ule unaobeba ukweli.

Turudi Tallahatchie, maana kaunti ile ni shule. Mji wa Tutwiler, safari fupi kutoka Sumner, una vibao vya aina mbili visivyofanana hata kidogo. Kimoja ni cha Njia ya Blues ya Mississippi, mradi ulioanza Desemba 2006 kwa kibao cha mwanamuziki Charley Patton kule Holly Ridge na ambao sasa una vibao zaidi ya 200. Hapo Tutwiler kinakumbuka usiku wa mwaka 1903 hivi, mwanamuziki W. C. Handy alipokuwa akisubiri treni iliyochelewa stesheni na kumsikia mtu akipiga gitaa kwa kutelezesha kisu juu ya nyuzi. Handy aliusambaza muziki ule duniani. Kingine kiko palipokuwa na nyumba ya kuhudumia maiti, ambako mwili wa Emmett Till ulitayarishwa kurudishwa Chicago, kwa mama yake Mamie, aliyeamuru jeneza libaki wazi ili watu waone. Mgeni anaweza kutembea kutoka kimoja hadi kingine kwa miguu. Sijui mji mwingine wenye ukubwa ule uliobeba mambo mawili mazito namna hiyo.

Vibao vya Njia ya Blues vina ufundi wao. Upande wa mbele ni wa kusubiwa, nyuma kuna picha na maelezo marefu yaliyochapwa kwenye karatasi ya plastiki na kubandikwa. Ni mbinu nzuri ya kuonyesha sura za watu. Ila ina udhaifu, na udhaifu huo ulionekana katika Kaunti jirani ya Leflore, kijijini Money, mbele ya magofu ya duka ambako kisa cha Till kilianza. Kibao cha namna hiyo, cha mradi uitwao Njia ya Uhuru ya Mississippi, kilisimamishwa hapo 2011. Mwaka 2017 mtu akaparuza na kubandua picha na maneno ya nyuma. Plastiki hubanduka kwa kucha. Alumini iliyoinuka ingetaka patasi na subira, na waharibifu kwa kawaida hawana subira.

Huko Graball Landing hata patasi haikuhitajika, bunduki ilitosha. Ni mahali kando ya mto, mwisho wa barabara ya changarawe karibu na Glendora, panapokumbukwa kuwa ndipo mwili wa Till ulipotolewa majini. Tume ya kumbukumbu ya Emmett Till, iliyoundwa 2006 na watu weusi na weupe wa kaunti hiyo chini ya Jerome Little, aliyekuwa mkuu wa baraza la wasimamizi wa kaunti, ilisimamisha bango hapo 2008. Likang'olewa na kutoweka. La pili likapigwa risasi hadi likafikisha matundu 317. Mwaka 2021 lilionyeshwa katika makumbusho ya taifa ya historia mjini Washington, likiwa na matundu yake yote. La tatu likawekwa 2018, na siku 35 baadaye likawa limeshapigwa.

Hapo mafundi wakabadili metali. Bango la nne, lililozinduliwa Oktoba 2019, ni la chuma kigumu, uzito wake unapita pauni 500, yaani zaidi ya kilo 225, na lilitengenezwa katika karakana ya Brooklyn, New York. Watu wengi walizungumzia chuma kisichopenya risasi. Mimi navutiwa zaidi na maandishi yake, kwa sababu waandishi walifanya jambo ambalo sijaliona kwingine: wakaiingiza hatima ya mabango yaliyotangulia ndani ya maelezo. Msomaji anaambiwa kwamba yaliyosimama hapo yaliibiwa, yakatupwa mtoni, yakarudishwa, yakapigwa risasi, yakarudishwa, yakapigwa tena. Vibao vingine vyote hujifanya vimekuwapo siku zote, kana kwamba historia ilikwisha ndipo nguzo ikachimbiwa. Hiki kimekubali kuwa sehemu ya habari. Mwezi uliofuata baada ya uzinduzi, kikundi cha wabaguzi kilifika kupiga video mbele yake. King'ora kikalia, wakatimua mbio.

Tarehe 25 Julai 2023 Rais Joe Biden alitangaza eneo la kumbukumbu la kitaifa la Emmett Till na Mamie Till-Mobley, linalojumuisha sehemu tatu: Graball Landing, mahakama ya Sumner, na kanisa la Roberts Temple huko Chicago yalikofanyika mazishi. Sasa kuna walinzi wa hifadhi za taifa na bajeti ya serikali kuu, na bajeti hubadilika kila utawala unapobadilika. Vibao vilikuja kwanza, kutoka kwa watu wa kaunti waliounda tume yao wenyewe. Kwangu mimi sifa ya kwanza inabaki yao.

Ukijaliwa kupita barabara zile, au ukiwa unaishi huko kama wenzetu wengi wanavyoishi siku hizi, kuna namna ya kuvisoma vibao hivi. Egesha mbali na lami, maana mabega ya barabara ni membamba na malori ya pamba ni mapana. Zunguka nyuma, kwa kuwa vingi vina maandishi pande zote mbili na watu huondoka wamesoma nusu. Na kabla ya kusoma lolote, inama usome mstari mdogo wa chini kabisa, unaotaja nani alikisimamisha na mwaka gani. Kile cha Colfax kilitiwa jina la Idara ya Biashara na Viwanda ya Louisiana.